Mwanangu anasema tunaishi NDANI ya globu. Nimekosea wapi?

#1 MamaTumaini (Donholm)
Hamjambo wadau. Tumaini ana miaka sita, yuko Gredi 1. Desemba nilimnunulia globu ya sentimita 30, na tangu siku hiyo haachani nayo. Anakuonyesha Misri, Brazili, Japani, Madagaska, hata Aislandi, na mimi nikajipa moyo kwamba jiografia imemwingia.

Jumapili iliyopita nikamuuliza, "Sisi tuko wapi?" Akaweka kidole Kenya sawasawa. Nikamwambia, "Basi tunatembea hapo juu yake hivi." Akanikatalia katakata. "Hapana mama, sisi tuko ndani. Ardhi iko huku chini," akapapasa tumbo la globu, "na mbingu ni hii ya juu." Nikamuuliza, je, nje kuna nini? Akasema nje ni rangi tu.

Dada yangu anasema nimemwahi, ningesubiri afike Gredi 4. Mume wangu anasema tuifiche globu tuanze na ramani ya nyumba. Nyinyi mmewafundishaje wenu? Naona uchungu kwa sababu mtoto anapenda kweli, sitaki nimharibie.

#2 KaroBuru
Mama Tumaini, wa kwangu ana miaka saba. Juzi aliniuliza, "Mama, tutaenda Afrika lini?" Tuko hapa Buruburu tunasubiri matatu ya 58. Nakufuata hapa hapa nipate majibu.

#3 MwalimuWaGredi4
Usijilaumu, mama. Kosa si lako wala la mtoto, ni mpangilio tu. Mtaala wenyewe umepangwa kwenda kutoka karibu hadi mbali: darasa langu la Gredi 4 tunashughulika na kaunti, Gredi 5 wanaingia Kenya nzima, Gredi 6 Afrika Mashariki. Kuna sababu. Ramani ni kitu kigeni mno kwa mtoto kwa sababu inamtaka aone kutoka mahali ambapo hajawahi kusimama.

Jaribu hivi. Weka sufuria mezani, mwambie aichore. Ataichora ikiwa na masikio yake mawili ya pembeni, kama anavyoiona akiwa ameketi. Sasa msimamishe juu ya kiti, aitazame kutoka juu, achore tena. Atapata duara na masikio mawili. Hapo ndipo ramani inapoanzia. Mimi huwaambia wanafunzi wangu wawaze macho ya mwewe, kwa sababu wanawajua vizuri wale wanaozunguka juu ya uwanja wakivizia chakula chao cha saa nne. "Mwewe anaona nini cha shule yetu?" Anaona mabati, hauoni mlango. Wakielewa kwa nini mlango hauonekani, wameelewa ramani.

Baada ya hapo chora chumba chake, halafu njia ya kwenda dukani, halafu mtaa. Globu ikae kabatini mwaka mmoja au miwili.

#4 BintiLamu
Mwalimu, kwa heshima zote, kuificha globu ni kumpokonya mtoto kitu alichokipenda. Mimi naona tatizo liko kwingine kabisa: liko mdomoni mwetu.

Hebu jisikilizeni mnavyosema. "Humu duniani." "Hapa duniani" tunasema pia, lakini mara nyingi tunasema *humu*, na humu ni ndani: humu chumbani, humu mfukoni, humu ndani ya chungu. Hata hiyo -ni ya "duniani" haikwambii kama ni juu au ndani. Mezani ni juu ya meza, sandukuni ni ndani ya sanduku, na mtoto anatakiwa abahatishe. Tumaini amesikia "humu duniani" tangu azaliwe, akaletewa duara la plastiki akaambiwa "hii ndiyo dunia." Amefanya nini? Amejiingiza ndani, kama lugha yake ilivyomfunza. Mtoto huyo ana akili sana.

#5 KijanaSaikolojia
BintiLamu, hoja yako nimeipenda, lakini haitoshi. Mwaka 1992 watafiti wawili, Stella Vosniadou na William Brewer, walichapisha utafiti waliowafanyia watoto wa shule ya msingi huko Illinois, Marekani. Waliwauliza maswali kama haya: dunia ina umbo gani, ukitembea mbele siku nyingi utafika wapi, je, kuna ukingo wa kuangukia? Wakakuta watoto wenye picha tofauti kichwani. Wengine dunia yao ni sahani. Wengine wana dunia mbili, moja ya bapa tunayoikanyaga na nyingine ya duara iliyoko angani. Na wengine, Mama Tumaini sikiliza, dunia yao ni tufe lenye uwazi ndani, watu wanakaa humo juu ya ardhi tambarare na mbingu ikiwafunika.

Watoto hao walizungumza Kiingereza, hawana "humu" wala "-ni". Kwa hiyo chanzo si Kiswahili. Maelezo ya watafiti ni kwamba mtoto ana mambo mawili anayoyaamini kwa macho yake: ardhi ni tambarare, na kitu kisichoshikiliwa huanguka chini. Akija mtu mzima akamwambia dunia ni duara, hatupi yale mawili. Anatafuta namna ya kuyaweka yote matatu pamoja. Ndani ya tufe yote yanatoshea. Mama, hebu muulize jua liko wapi.

#6 MamaTumaini
@KijanaSaikolojia mwili umenisisimka, ni yeye kabisa! Nimemuuliza sasa hivi. Anasema jua liko ndani pia, juu, "kama balbu."

#7 BintiLamu
Sawa kijana, nakubali watoto wa Illinois. Ila sababu mbili zinaweza kumfikisha mtoto mahali pamoja. Wao walisukumwa na macho, wetu wanasukumwa na macho na sarufi. Bado nashikilia "humu."

#8 MzeeVipimo
Habari za jioni. Nilipima ardhi miaka thelathini na kitu kabla ya kustaafu, nami naleta sababu ya tatu: vipimo. Mtoto hawezi kujiweka juu ya globu kwa sababu hakuna aliyemwambia globu ni ndogo kiasi gani.

Chukueni uzi wa kushonea, mzungushie hiyo globu kwenye ikweta. Kwa globu ya sentimita 30 mtapata sentimita 94 hivi. Mzingo wa dunia kwenye ikweta ni kilomita 40,075. Gawanyeni: sentimita moja ya globu ni kilomita kama 425. Maana yake Nairobi na Mombasa, ule usiku mzima wa basi tuliokuwa tukiulalia zamani, ni sentimita moja tu. Upana wa kucha. Mlima Kenya wenye mita 5,199 haufiki hata sehemu moja ya tano ya milimita. Ni unene wa karatasi. Zile globu zenye milima inayopapaseka kwa kidole huwa zimeitia chumvi sana hiyo milima.

Sasa mtoto akiambiwa "tunatembea juu yake" anawaza mtu wa kawaida kwenye mpira wa kawaida, na anaona wazi kwamba mtu huyo ataanguka. Ana haki. Mwonyesheni kwanza ule upana wa kucha.

#9 DerevaMalaba
Mzee Vipimo umenigusa. Mimi naendesha lori, Mombasa hadi Kigali. Kijana wangu alikuwa na miaka mitano akawa analia kila nikiondoka, kwa sababu kwake "safari" lilikuwa shimo tu linalommeza baba. Mama yake akachora barabara kwenye kartoni la maziwa lililofunguliwa: Mombasa, Mtito Andei, Nairobi, Nakuru, Eldoret, Malaba, halafu Jinja, Kampala, Mbarara, hadi Kigali. Kila jioni nikipiga simu namwambia niko wapi, naye anasogeza punje ya haragwe. Nikikwama mpakani siku mbili, haragwe linakaa Malaba siku mbili, naye anaambia watu wote, "Baba bado ako Malaba, foleni ni ndefu."

Alipofika miaka saba tukampa globu. Jambo la kwanza alilofanya ni kutafuta barabara yangu. Nikamwonyesha kutoka Mombasa hadi Kigali: sentimita mbili na nusu hivi, ukienda moja kwa moja bila kona. Alinyamaza muda mrefu. Akasema, "Baba, kumbe dunia ni kubwa hivi." Sijawahi kusahau, maana nilidhani atasema barabara yangu ni ndogo.

Kwa hiyo mimi niko na Mwalimu, anza na njia anayoijali. Lakini pia niko na BintiLamu, globu isifichwe. Sijui hapo niko upande gani.

#10 KaroBuru
Uko upande wa haragwe, ndugu yangu 😊 Leo nachora njia ya 58.

#11 Gikomba_Vitu
Wadau samahani naingilia kidogo, naomba msaada. Nimepata globu kwenye mzigo wa vitu vya watoto, nzuri, inazunguka bila kukwama, stendi ya chuma. Nimeiweka bei shilingi mia sita. Lakini imeandikwa U.S.S.R. na Zaire. Mzazi akinunua hii si atanirudishia? Na ni ya mwaka gani?

#12 MzeeVipimo
Hiyo ni tamu, usiiuze haraka! Nisomee. Ziwa letu la kaskazini limeandikwa Rudolf au Turkana? Ujerumani ni moja au mbili? Yemeni je? Na pale juu ya Ghana, ni Upper Volta au Burkina Faso?

#13 Gikomba_Vitu
Turkana. Ujerumani mbili. Yemeni mbili. Burkina Faso. Na kule chini imeandikwa Namibia.

#14 MzeeVipimo
Turkana ni baada ya 1975. Burkina Faso ni baada ya Agosti 1984. Yemeni mbili ziliungana tarehe 22 Mei 1990, na Ujerumani Oktoba mwaka huohuo. Basi globu yako ilichorwa kati ya 1984 na Mei 1990.

#15 BabaPacha (Kawangware)
Mzee, umeruka Namibia. Namibia ilipata uhuru tarehe 21 Machi 1990. Kwa hiyo globu ni ya miezi miwili tu, Machi hadi Mei 1990. Gikomba, una kitu adimu hapo, pandisha bei!

#16 MzeeVipimo
Pole pole, Baba Pacha. Umoja wa Mataifa ulianza kutumia jina Namibia mwaka 1968, na wachoraji wengi wakalifuata kabla ya uhuru. Jina peke yake halitoshi kuthibitisha. Tuangalie Asia: ni Burma au Myanmar? Jina rasmi lilibadilika 1989.

#17 Gikomba_Vitu
Hapo pamechubuka Mzee. Naona "...MA" mwishoni, au labda ni "...MAR". Mtoto alipabandua na kitu.

#18 BabaPacha
MAR. Lazima ni MAR.

#19 MwalimuWaGredi4
Iwe ya 1985 au ya 1990, tafadhali usimuuzie mzazi wa mtoto mdogo. Nina mwanafunzi aliyefundishwa na globu ya babu yake, na hadi leo anaandika Zaire badala ya Kongo kwenye mtihani. Humo hakuna Eritrea ya 1993, hakuna Sudani Kusini ya 2011, jirani yetu tunayepakana naye! Mtoto wa miaka sita hawezi kutofautisha cha zamani na cha sasa.

#20 DerevaMalaba
Mwalimu, mimi ningeinunua. Ningeiweka karibu na mpya nimwambie kijana, tafuta kilichobadilika. Ataona mipaka inahama na majina yanakufa, lakini Mto Naili uko palepale, na Ziwa Viktoria ni lilelile. Gikomba nitumie namba.

#21 BabaPacha
Turudi kwa mada. Mimi sina globu, nimebandika ramani kubwa ya dunia ukutani kwa mapacha, nimeona inatosha. Wanapenda ile Greenland, kubwa kuliko Afrika na yote barafu. Wanataka kuhamia huko.

#22 MzeeVipimo
Baba Pacha, hapana! Greenland si kubwa kuliko Afrika. Afrika ina kilomita za mraba milioni 30 hivi, Greenland milioni 2.2 hivi. Ungeweza kuipanga ndani ya Afrika karibu mara kumi na nne. Kongo ya Kinshasa peke yake, milioni 2.3, inaizidi. Ramani yako ndiyo inayokudanganya, na imewadanganya wengi.

Menya chungwa uache ganda zima, halafu lilaze mezani liwe bapa bila kupasuka. Haiwezekani. Ukitaka lilale, ama ulikate ama ulivute. Gerardus Mercator mwaka 1569 alichagua kulivuta, na anavyokaribia ncha za dunia ndivyo anavyovuta zaidi. Alikuwa na sababu: kwenye ramani yake, mstari mnyoofu unampa baharia mwelekeo mmoja wa dira, anaushika hadi afike. Kwa nahodha ni hazina. Kwa ukuta wa chumba cha watoto ni kitu kingine.

#23 BabaPacha
Nimemenya chungwa hapa, mapacha wamelila dunia yote. Lakini wameelewa! Mmoja ameuliza kwa nini waliivuta Ulaya na si sisi.

#24 KaroBuru
Swali la mtoto huyo ndilo swali langu. Nilisoma GHC (jiografia, historia na uraia) miaka minane nikitazama ramani ile, na nikawa mtu mzima nikiamini Urusi ni kubwa kuliko bara langu zima. Urusi ni milioni 17! Mnaniambia ni bahati mbaya tu?

#25 MzeeVipimo
Hesabu yake ilihitaji kuvuta ncha zote mbili, kaskazini na kusini. Sisi tuko kwenye ikweta, ndiyo maana hatukuvutwa. Sioni njama hapo.

#26 BintiLamu
Mzee, hata kama Mercator hakukusudia, aliyeitoa chomboni akaitundika darasani alichagua. Watoto wa Nairobi hawaongozi jahazi. Na si lazima dunia ichorwe hivyo. Mwaka 1154 al-Idrisi, akiwa Sisilia kwa Mfalme Roger wa Pili, alichora ramani ya dunia ambayo kusini iko juu. Anayechora ndiye anayeamua juu ni wapi. Na Agosti 2025 Umoja wa Afrika uliunga mkono kampeni ya kuiacha Mercator na kutumia ile ya Equal Earth ya mwaka 2018, inayolinda ukubwa wa mabara.

#27 MwalimuWaGredi4
Hiyo ya 2018 pia imepinda maumbo kidogo kwenye kingo. Hakuna karatasi isiyo na kasoro. Kwa mtoto, hapo ndipo globu inaishinda ramani, na mimi mwenyewe nimeanza kulegeza niliyoyasema juu kule #3. Isikae kabatini. Lakini kazi ya sufuria ifanywe kwanza!

#28 ShangaziIsili (Eastleigh)
Asalaam aleikum. Nimesoma uzi wote, nashukuru. Kwetu mambo ni tofauti, watoto walijua ulimwengu kwa simu kabla ya ramani. Wana shangazi Minneapolis, wana mjomba London. Swali lao la kwanza halikuwa "wapi" lilikuwa "mbona wamelala?" Sisi tunakula chakula cha mchana, shangazi yao anapiga miayo gizani, maana wako nyuma yetu saa nane au tisa, kulingana na majira.

Nikazima taa, nikawasha tochi ya simu, nikamulika globu, nikabandika kijikaratasi chekundu Nairobi na cha buluu Minneapolis. Nikaizungusha kuelekea mashariki taratibu. Chekundu kinaingia kwenye mwanga, buluu bado gizani. Wakapiga kelele wote.

Lakini nisikilizeni kuhusu saa yetu. Sisi tunahesabu kuanzia alfajiri, saa moja asubuhi jua limechomoza, saa kumi na mbili jioni linakuchwa, mwaka mzima hivyohivyo. Kijana wangu mkubwa akazungumza na mjomba wake mwezi wa Desemba, akaona dirishani kwa mjomba giza limeshaingia. Akauliza saa ngapi huko. Mjomba akamwambia kwa Kiswahili saa kumi na nusu jioni. Mtoto alikataa kabisa! "Saa kumi na nusu tunacheza mpira!" Hapo ndipo nilipomwonyesha kwa nini globu imesimama upande. Ule mlalo, nyuzi 23 na nusu, ndio unaomnyima mjomba jua. Saa ya Kiswahili inafaa kwa watu wa karibu na ikweta, na mtoto akijua hilo amejua yuko wapi duniani.

#29 BintiLamu
Shangazi Isili, *maa shaa Allah*. Niongeze tu: hata majina ya pande yametokana na mahali petu. Kaskazini ni upande wa kaskazi, upepo unaovuma kuanzia Desemba hadi Machi na kuleta majahazi kutoka Arabuni. Kusini ni upande wa kusi, unaoyarudisha. Bibi yangu Lamu hakuwahi kuona dira, akikaa barazani anahisi upepo shavuni anakuambia ni upande gani na ni mwezi gani. Watoto wa bara mnawafundisha "juu ya ramani ni kaskazini" kana kwamba kaskazini ni juu. Kaskazini ni upepo.

#30 DerevaMalaba
Hapo umenifunza, dada. Miaka yote hii nilikuwa sijui.

#31 BabaPacha
Na ikweta msisahau. Tulienda Nanyuki, pale kwenye bango kuna kijana na beseni lenye tundu. Upande huu maji yanazunguka hivi, ukivuka hatua chache yanazunguka kinyume, katikati yanashuka moja kwa moja. Mapacha walishangaa. Hilo ni somo la jiografia wazi kabisa.

#32 MzeeVipimo
Nasikitika kukuharibia safari, Baba Pacha. Nguvu ya mzunguko wa dunia inageuza tufani na mikondo ya bahari, lakini kwenye beseni ni dhaifu mno, tena karibu na ikweta inakaribia sifuri. Hatua ishirini haziwezi kufanya chochote. Maji yanafuata jinsi yalivyomiminwa na jinsi beseni lilivyogeuzwa.

#33 BabaPacha
Mzee! Kwanza Namibia, halafu Greenland, sasa beseni. Umeniachia nini?

#34 MzeeVipimo
Nimekuachia kivuli, tena kivuli hakidanganyi. Nairobi iko nyuzi moja na robo hivi kusini ya ikweta. Karibu na tarehe 17 Machi na tena karibu na 26 Septemba, jua la adhuhuri linapita utosini kabisa. Simamisha mpini wa ufagio wima, saa sita na dakika arobaini hivi mwezi huu wa Machi, na kivuli kinakwisha chini yake. Juni jua likiwa upande wa kaskazini, kivuli cha adhuhuri kitaelekea kusini. Desemba kitaelekea kaskazini. Mtoto wa London haoni hilo maisha yake yote, kivuli chake cha adhuhuri huelekea upande mmoja tu. Mama Tumaini, leo ni tarehe tisa. Una wiki moja.

#35 KijanaSaikolojia
Kabla Mama Tumaini hajarudi, ni haki niseme kwamba ule utafiti wa 1992 umepingwa. Watafiti wa baadaye waliona kwamba mtoto akiambiwa achore au akiulizwa maswali ya wazi anababaika, lakini akipewa picha au mifano achague, wengi wanachagua dunia sahihi. Wanasema zile "dunia tupu" huenda zilizaliwa na maswali yenyewe. Labda Tumaini hana nadharia yoyote. Labda aliulizwa swali gumu akajibu lililomjia.

#36 KaroBuru
Lakini ya kwamba nje ni rangi? Hiyo si ya kubahatisha. Huyo aliwaza.

#37 BintiLamu
Nami naona aliwaza.

#38 MamaTumaini
Nimerudi. Leo Jumapili tarehe 15 tumefanya yote, asanteni sana kila mmoja.

Asubuhi tulifanya sufuria ya Mwalimu. Alichora duara bila masikio, akasema masikio ameyasahau. Halafu tukachora njia ya dukani, na yeye mwenyewe akaniambia mlango hauonekani kwa mwewe.

Saa sita na nusu tukapanda juu ya paa na mpini wa ufagio. Majirani walidhani tunaanika kitu. Kivuli kikaendelea kufupika hadi kikabaki kama kidole gumba, Tumaini akakikanyaga, akasema, "Kimeingia chini."

Tukarudi ndani, tukafunga mapazia, tochi ya simu ikawa jua kama alivyosema Shangazi. Nikabandika njiti ya kiberiti kwenye Kenya kwa plastisini na nyingine Norwei. Nikamwambia aitafutie tochi mahali ambapo njiti ya Kenya haina kivuli, kama ufagio wetu. Akaipata. Njiti ya Norwei ilikuwa na kivuli kirefu. Akasogeza tochi mara nyingi, sikusema neno. Halafu akajaribu kuiingiza tochi ndani ya globu. Ikakataa, haina tundu.

Akaketi. Akaniambia, "Mama, jua haliwezi kuwa ndani." Nikasema, eeh? Akasema, "Basi sisi tuko nje kidogo."

Nje kidogo! Nilitaka kumbana, nikajizuia.

#39 MwalimuWaGredi4
Umefanya vizuri kujizuia. Mwache na "kidogo" yake.

#40 KijanaSaikolojia
Huyo amebadilisha picha nzima kwa sababu ya tochi isiyoingia. Nimelisoma mara tatu.

#41 ShangaziIsili
Allah ambariki. Mama, sasa chukua ule uzi wa Mzee, mnyooshee kutoka Nairobi hadi Los Angeles juu ya globu. Uvute ukaze. Utaona unapita Libya, unapanda hadi Kanada ndipo unashuka. Wangu walinibishia nusu saa, kwa sababu ramani ya ukutani inawaambia mnyoofu ni kuvuka bahari katikati.

#42 MamaTumaini
Tutafanya kesho shangazi. Lakini usiku huu amekuja na lake kitandani. Anauliza, tukichimba hapa Donholm moja kwa moja hadi upande wa pili, tutatokea kwa nani? Sina jibu.

#43 MzeeVipimo
Kinyume cha Nairobi ni nyuzi moja na robo hivi kaskazini ya ikweta, nyuzi 143 magharibi. Mtafutie. Ni katikati ya Bahari ya Pasifiki, mashariki ya visiwa vya Kiribati, kaskazini ya Marquesas. Hakuna mtu. Maji matupu.

#44 DerevaMalaba
Hata kisiwa kimoja hakuna, Mzee?

#45 MzeeVipimo
Kiritimati ndicho ninachokiona upande wa magharibi wake, na ni zaidi ya kilomita 1,500 kutoka hapo. Karibu sentimita nne za globu.

#46 MamaTumaini
Nimemwambia. Ameamka, amewasha taa, amechora samaki kwenye kikaratasi na kukibandika hapo na plastisini. Anasema huyo ndiye jirani yetu wa chini. Sasa anataka jina lake.

#47 KaroBuru
Ni samaki gani huko?

#48 BintiLamu
Jodari wapo. Mwambie ni jodari.